Mguu wa Bibi wa Mahameni

Mguu ule tuliunusa kabla hatujauona. Mimi na mama tulikuwa tumekwenda mahameni kuchuma kahawa. Mahame hayo ndiyo yaliyokuwa makazi yetu kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa, kule kwenye barabara kuu inayopita Nanyala. Nyumba zilibaki zikibomoka, lakini mibuni ilikuwa yetu bado, kwa hiyo kila msimu tulirudi kwa miguu na vikapu vyetu. Siku hiyo upepo ulikuwa ukitoka upande wa nyumba ya jirani yetu wa zamani, na ulileta harufu iliyonifanya nidondoshe tawi nililoshika.

"Kuna mbwa kafia humu," nikasema.

Mama alisimama akisikiliza. Ndani ya ile nyumba, ambayo nusu ya paa ilikuwa imeshaanguka, mtu alikohoa.

Tulimkuta amelala juu ya gunia, kichwa upande wenye paa, miguu upande wa jua. Alikuwa mama wa makamo, lakini ugonjwa ulikuwa umemfanya bibi, na mimi tangu siku hiyo nilimwita bibi. Alikuwa dada wa yule jirani. Akiwa bado msichana, aliolewa akavuka mpaka, akaishi miaka mingi Zambia kwenye migodi ya shaba. Mume alipokufa, ndugu wa mume walimfukuza, akarudi kupitia Tunduma akiwa na kifurushi cha nguo na kidonda mguuni. Kaka yake alimpokea kijijini. Mke wa kaka akasema haiwezekani kula chakula nyumba moja na harufu ile. Ndipo kaka akamrudisha huku mahameni, akawa anamletea chakula kila siku, halafu siku moja moja, halafu akikumbuka.

"Mwaiseni," alitukaribisha kwa Kibemba, kana kwamba ameketi sebuleni kwake. Kisha akakumbuka yuko wapi, akasema kwa Kiswahili, "Karibuni, ila msikae upande huu wa upepo."

Mama alifunua kitambaa kilichofunga mguu. Kilikuwa kimegandamana na nyama, ikabidi akiloweshe kwanza kwa maji yetu ya kunywa. Kidonda kilianzia chini ya goti kikashuka hadi kwenye kifundo, na kilikuwa na rangi ambazo sikujua nyama ya mtu aliye hai inaweza kuwa nazo. Pembeni, funza weupe walikuwa wakitembea taratibu. Nilitoka mbio nikatapika. Niliporudi mama hakuwepo ndani. Alikuwa nyuma ya mbuni, ameshika magoti, anatapika naye. Akafuta mdomo kwa pindo la khanga, akarudi, akaendelea kutoa funza kwa kijiti.

Njiani kurudi nilimwambia, "Mama, mimi kesho siji. Nachefukwa."

"Hata mimi nachefukwa," akasema. "Kesho utabeba beseni."

"Lakini wewe unaweza."

"Nani kakwambia naweza? Bwana alituagiza kuwatazama wagonjwa. Hakutuagiza tuipende harufu."

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani nasubiri maisha yaanze, na maisha yalianza na beseni lile. Nataka niseme ukweli, kwa sababu nimesikia watu wengi wakisimulia habari za kuhudumia wagonjwa kama vile walikuwa wanachuma maua. Sikuzoea. Kila tulipofika tumbo lilipanda kooni. Nilikuwa nikirudi nyumbani najisugua mikono kwa mchanga na majivu, nikikaa kula ugali naona vidole vyangu vinanuka, nawaachia wadogo zangu chakula changu. Na yule bibi hakuwa mpole. Mama akikosea kidogo akamuumiza, alitukana kwa Kibemba, matusi marefu, na mama alicheka kwa kuwa hakuyaelewa.

Mama alitoa taarifa kanisani. Wanawake wa umoja waliguswa sana. Waliomba, wengine walilia, wakapanga zamu ya kupeleka uji. Nilifurahi, nikidhani tumepata wenzetu. Wiki iliyofuata tulifika mapema kuliko kawaida, tukamkuta mwanamke wa zamu amesimama mbali, kule kwenye mibuni, ameziba pua kwa kilemba. Aliweka kopo la uji chini ya mbuni, akapaza sauti, "Bibi, uji huo! Bwana asifiwe!" kisha akaondoka kwa haraka. Bibi akatoka akijikokota kwa makalio, mguu unaburuzika nyuma yake. Kwenye vumbi kati ya mlango na mbuni nikaona njia imeshachimbika kwa kujikokota huko. Ilikuwa imelainika kama njia ya mifugo.

Mama aliitazama ile njia kwa muda mrefu. Hakumsema yule mwanamke, si siku hiyo wala baadaye. Mimi nilimsema moyoni, na nilipokutana naye Jumapili amevaa sare yake nyeupe, akinisalimia kwa tabasamu, nilihisi kichefuchefu kilekile cha mahameni.

Miaka ile sabuni ilikuwa imeadimika. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na mwuzaji mmoja mwenye usingizi. Kipande chetu kilipoisha, mama alibeba maharage akapanda lori kwenda Tunduma, na mimi nikamfuata. Sabuni iliyokuwepo huko ilikuwa imevuka mpaka kwa njia zake yenyewe, na haikuwekwa mezani. Ilitolewa chini ya meza kwa mtu anayeaminika. Tulielekezwa kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mwenyeji wa Tanga, aliyekuwa na duka na lori la kubeba mizigo kwenda Mbeya.

Alitazama maharage, akauliza, "Mche mzima wa sabuni ni wa nini, mama? Una harusi?"

"Nina mgonjwa wa kidonda."

"Nduguyo?"

"Si ndugu."

"Wa kanisani kwenu, basi."

"Kanisa hata hajawahi kufika," mama akasema. "Ananuka tu, na yuko shambani kwetu."

Yule bwana alicheka mpaka akashika meza. Alichukua maharage kidogo, mengine akayarudisha kwenye kikapu, akatupatia mche mzima wa sabuni umefungwa kwenye gazeti. "Lori langu hupita kwenu," akasema. "Ukifika wakati wa kumpeleka hospitali, simama barabarani upunge khanga."

Kanisani kwetu alikuwepo mzee wa kanisa ambaye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya huduma. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye koti na sauti nzuri, na kila Jumapili alimwombea "yule mgonjwa wetu wa mahameni" mpaka watu wakaitikia amina kwa machozi. Hakuwahi kukanyaga mahameni. Basi ikaja habari kwamba wageni wanakuja kutoka makao makuu, pamoja na Mzungu mmoja, kuona jinsi sharika zinavyowahudumia maskini. Mzee alikuja nyumbani kwetu mwenyewe. Hakukaa, alisimama mlangoni.

"Mama, Jumapili mlete yule mgonjwa wetu ibadani."

"Mzee, hawezi kutembea, na mkokoteni utamtikisa kidonda."

"Wageni wanataka kuona matunda ya huduma. Mungu atampa nguvu. Na mmwogeshe vizuri."

Alipoondoka mama alifunga mlango akasema, "Mgonjwa wetu!" Akarudia tena baadaye akikoroga mboga, "Mgonjwa wetu!" na kila aliporudia mwiko uligonga sufuria.

Nilidhani hatakubali. Lakini bibi mwenyewe aliposikia alitaka kwenda. Alitaka kuona watu. Alisema, "Mayo, mama yangu, tangu nivuke Tunduma sijaona watu wamevaa vizuri."

Tulimpeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe, ameketi juu ya majani makavu. Mlangoni mwa kanisa mzee alitusubiri na chupa ya marashi. Aliyamwaga juu ya kitambaa safi ambacho mama alikifunga asubuhi ile, akayamwaga mpaka yakadondoka. Naomba msomaji anisamehe, lakini harufu ya uozo peke yake mtu anaweza kuikabili. Uozo uliotiwa marashi ni kitu kingine. Ulikuwa unaingia puani kama mtu anayekudanganya huku amekushika shati. Hadi leo mtu aliyejipaka marashi mengi akinikalia karibu, nabadili kiti.

Wapiga tarumbeta wa kanisa walimpigia vizuri. Alikalishwa mbele, chini ya madhabahu, akitazama waumini. Mzee akaeleza jinsi usharika "ulivyomwokota, ukamwosha, ukamlisha." Kisha Mzungu, kijana mwenye haya, uso mwekundu kwa jua letu, akamfunika bibi magotini kwa blanketi zito la kijivu lenye mistari myekundu, blanketi ambalo katika miaka ile hata nyumba ya mwalimu mkuu haikuwa nalo. Wakapigwa picha. Mzee aliweka mkono begani kwa bibi, na mimi niliyekuwa mstari wa mbele niliona kwamba kati ya kiganja chake na bega la bibi alikuwa ametandika leso.

Halafu bibi akaombwa aseme neno. Nilikuwa nakaza mikono, nikiomba aseme. Aseme habari za uji chini ya mbuni. Aseme habari za njia ya makalio. Badala yake alifumba macho akaimba wimbo wa shukrani wa Kibemba, sauti tamu ambayo hatukujua kama anayo, akatoa machozi, akanyoosha mikono kwa wale wanawake wa sare nyeupe na kusema, "Natotela, natotela, mama zangu." Kanisa zima likalia. Yule Mzungu akalia. Nilichukizwa na bibi kuliko wote. Nilitoka nje nikatema mate.

Jioni tulipomshusha mahameni, aliuliza, "Nimewaimbia vizuri?"

"Vizuri sana," mama akasema.

"Mzee kaniahidi sukari."

Ilikuwa wakati wa kipupwe. Kwetu Mbozi baridi ya miezi ile huingia ndani ya mifupa, na ile nyumba ilikuwa na nusu ya paa. Mama akatafuta blanketi kwenye mkokoteni amfunike. Hakuliona. Akainua majani, akaniangalia mimi.

"Mzee kalichukua," bibi akasema. "Wageni walipoingia kunywa chai. Kasema huku litachafuka."

Mama alivua khanga yake ya juu akamfunika nayo. Njia nzima alitembea mbele yangu kwa hatua za haraka, nami nikajua kuna jambo.

Asubuhi alinichukua hadi kwa mzee. Alimsalimia kwa adabu zote, akapiga goti kidogo kama ilivyo kwetu, akauliza habari za blanketi. Mzee hakuonekana kuona aibu. Nadhani alikuwa akiamini kabisa aliyoyasema.

"Mama, mimi si mwizi. Lile ni mali ya huduma. Wageni wakija tena mwakani watauliza, na nitawaonyesha. Twende ukaone mwenyewe."

Akatupeleka nyuma ya kanisa, akafungua kufuli la stoo. Hakuwa ameiba kitu. Kila kitu kilikuwepo. Magunia ya unga wa njano uliotoka ng'ambo wakati wa njaa yalikuwepo, yameganda kama mawe chini na juu yanatembea wadudu. Maziwa ya unga yalikuwepo, yamekuwa rangi ya udongo. Nguo za watoto zilikuwa zimefungwa vizuri kwa kamba, na panya walikuwa wamezalia ndani yake. Vitoto vyekundu visivyo na manyoya vilikuwa vikijinyonganyonga ndani ya sweta dogo la bluu. Mkojo wa panya ulinichoma macho. Na juu ya rafu, peke yake, limekunjwa vizuri, blanketi la kijivu.

Nilikumbuka mwaka wa ule unga. Nilikumbuka watoto wa kitongoji chetu, nywele zimekuwa nyekundu kwa njaa. Nilitoka nikasimama ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu niwe msaidizi wa kidonda, nilitapika mahali ambapo hapakuwa na kidonda.

Nikasikia sauti ya mama ndani, imetulia. "Mzee, mguu wa yule bibi unanuka kwa sababu ni mgonjwa. Huku kunanuka kwa sababu gani?"

"Chunga ulimi, mama. Unaongea na mzee wa kanisa."

"Panya wamekula humu bila kibali. Na mimi nachukua bila kibali."

Akatoka na blanketi kichwani. Mzee alimfuata hadi uani akipaza sauti, lakini hakumshika. Tulikwenda moja kwa moja mahameni, mama akalikunja mara mbili, akaufunika mguu na mwili.

Aliitwa mbele ya baraza la wazee. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa chini ya dirisha, na dirisha halikuwa na kioo. Walimsomea makosa: kumvunjia heshima mzee, kuchukua mali ya kanisa. Mmoja akasema kwa upole kwamba jambo ni rahisi, alirudishe tu.

"Liko mguuni kwa mgonjwa," mama akasema. "Mlango wa nyumba ile hauna komeo. Nendeni mkalichukue."

Niliwasikia wanakohoa, wanasogeza viti. Mmoja aliuliza kama limeshalowa. Mama akasema, ndiyo, limelowa usaha. Hakuna aliyekwenda, siku hiyo wala siku nyingine. Badala yake wakamtenga mama. Asishiriki Meza ya Bwana, akae benchi la nyuma kabisa mpaka atubu.

Huko nyuma alikaa na wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa na wanaume wa mitala. Siku za Meza, wengine walipopita mbele, yeye alibaki ameinamisha kichwa. Hilo lilimuumiza kuliko alivyotaka nione. Baba, ambaye hakuwa msemaji, alianza kukaa naye nyuma.

Mguu uliendelea kuwa mbaya. Bibi alianza kuweweseka kwa homa, akimwita marehemu mume wake. Mama alikwenda kuomba gari la kanisa. Akaambiwa viti vimeshonwa upya. Basi tukambeba bibi kwa machela hadi barabarani, baba na mjomba wakibadilishana, tukasimama tukipunga khanga. Malori mawili matatu yalipunguza mwendo, yakanusa, yakaondoka. Lile la bwana wa Tunduma lilipofika, utingo aliruka chini, akasogea, akarudi nyuma.

"Huyu hapana, bosi."

Mwenye lori mwenyewe akashuka. Alisema "Bismillahi," akavuta pumzi akaizuia, mashavu yakamvimba kama mpiga tarumbeta, akamwinua bibi mikononi akampandisha juu ya magunia. Alipomlaza akageuka, akatoa pumzi kwa kishindo, akasema, "Mama, ulisema ananuka. Hukusema hivi!" Na macho yalikuwa yamemtoka machozi. Mama akacheka, bibi akacheka katikati ya homa yake, hata mimi nikacheka. Hakutaka malipo.

Hospitalini Mbeya walimkata mguu juu ya goti. Blanketi walilichoma moto siku ileile, na ndivyo lilivyoisha. Mama alikaa naye mpaka jeraha likaanza kufunga.

Alipopona, kaka yake alimjengea chumba kijijini, kwa kuwa sasa harufu haikuwepo. Wanawake wa sare nyeupe walianza kumtembelea, wakikaa na kunywa chai, na nilisikia wakimweleza mgeni jinsi "tulivyomhangaikia." Yeye hakuwakanusha. Lakini alianza pia kutengeneza pombe ya ulezi, ile inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na wateja wake walikuwa wengi. Hapo wanawake wale wakaacha kuja.

Mwaka uliofuata mama alikwenda mbele ya kanisa akatubu. Niliposikia anasimama, nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nyumbani sikumsalimia. Nikamwuliza, "Umetubu kitu gani? Umewaomba msamaha panya?"

Aliendelea kupepeta mahindi. "Nimetubu kwamba nilimjibu mzee kwa dharau. Ni kweli nilimjibu kwa dharau. Blanketi sikulitaja. Wewe hukusikiliza."

"Na stoo?"

"Stoo ni yao, wataijibia kwa Mungu mwenyewe. Lakini Meza si yao. Sikuweza kukaa na njaa ile kwa sababu ya mtu mmoja."

Sikumwelewa vizuri, na sina hakika kama namwelewa leo. Mimi kanisa lile sikuliacha, lakini kila ninapomsikia mtu anatamka neno huduma kwa sauti nzuri, pua yangu huanza kutafuta kitu.

Siku chache baada ya hapo bibi alikuja kwetu kwa magongo, peke yake, mara ya kwanza kutembea umbali ule. Alifika amelowa jasho, ananuka pombe, akajitupa kwenye kigoda cha jikoni bila kubisha hodi. Mama alimpakulia ugali na mboga za maboga. Alionja, akakunja uso.

"Mayo! Nani kapika hii? Chumvi yote hii ya nini?"

Nilikuwa nimepika mimi. Mama aliinama akificha kicheko. Nilimtazama yule mwanamke, midomo yake yenye mafuta, kisiki chake kimenyooshwa mbele karibu kabisa na sufuria yetu, na tumbo likanipanda kama siku zote. Nikachukua jagi na beseni, nikapiga goti, nikamnawisha mikono, kwa maana alikuwa ameanza kula bila kunawa.